Goli Lililofungwa Darini

Mnamo mwaka 1955, kila Jumapili alasiri, Shemsa alimaliza kuosha vyombo na kufagia ua, kisha akapanda darini, juu kabisa ya nyumba, kutangaza mpira. Nyumba yao ya Vuga ilitazamana na uwanja wa Mnazi Mmoja, na mtoto huyu wa miaka kumi na miwili aliona kila kilichopita kule. Mama yake na majirani, ambao siku zile hawakuwa na desturi ya kwenda viwanjani, walikaa chini uani wakishona kofia na kumsikiliza.

Mwanzoni hawakumsikiliza sana. Shemsa alitangaza kama anayesoma orodha ya vitu vya dukani: mpira anao Usi, sasa anao Jaku, sasa umetoka. Bi Mwanaasha, jirani wa nyumba ya pili, alipiga miayo, na wenziwe wakarudia habari za harusi. Basi wiki nzima Shemsa akatega sikio kwenye redio ya mjomba wake. Akagundua kuwa mtangazaji huanza taratibu, hupandisha sauti mpira unapokaribia goli, na hunyamaza kidogo kabla ya kupaaza sauti ya goli.

Jumapili iliyofuata akafanya vivyo hivyo. Sindano zikasimama. Bi Mwanaasha akajikuta wima, kofia imemwanguka. Bi Khamisa, ambaye mwanawe Masoud alikuwa mshambuliaji wa timu ya mtaa, alishika kifua kila jina hilo lilipotajwa. Shemsa akaona raha isiyo kifani.

Siku timu ya mtaa ilipocheza na vijana wa Mkokotoni, mchezo ulipooza na miayo ikarudi uani. Shemsa akaanza kutia chumvi. Shuti lililopita mbali akasema limegonga mwamba. Walishtuka, naye akazidisha. Karibu na mwisho Masoud akapiga penalti, na mlinda mlango akaidaka. Lakini sauti ya Shemsa ilikuwa imeshapanda, na nyuso zote chini zilikuwa zimeinuka kumtazama.

"Masoud... Masoud... goli!"

Vigelegele vikajaa uani. Bi Khamisa akakimbilia jikoni kukaanga tambi za sukari.

Masoud alipoingia uani kumfuata mama yake, akichechemea na kichwa amekiinamisha, wakampokea kwa vigelegele vingine. Alisimama mlangoni akawatazama mmoja mmoja.

"Mama, hata nyinyi mnanicheka?" akauliza kwa sauti ndogo. Akasema hatakanyaga tena uwanjani, akatoka akaketi barazani peke yake.

Wanawake wakadhani anaona haya kusifiwa tu. Shemsa angeweza kunyamaza, na hakuna ambaye angejua siku ile. Akashuka darini.

"Hakufunga," alisema. "Penalti ilidakwa. Nilisema uongo kwa sababu mlikuwa mnanisikiliza."

Bi Khamisa akamwambia aende akayaseme hayo kwa Masoud mwenyewe.

Shemsa akaenda, akaomba radhi. Masoud akamuuliza kule juu aliona nini hasa. Shemsa akamweleza kwamba baada ya penalti ile wenzake walikuwa wanatembea tu, ila yeye Masoud, mguu ukimuuma, alikimbia mara tatu kurudi nyuma kupokonya mpira.

"Mbona hayo hukuyatangaza?" Masoud aliuliza, na uso wake ukalegea kidogo.

Jumapili nyingine Masoud alirudi uwanjani. Mchezo uliisha bila goli hata moja. Shemsa alitangaza alichokiona, kwa sauti ile ile ya kupanda na kushuka, na Masoud alipoanguka, akainuka na kuufukuza mpira hadi kwenye mstari, ua mzima ulisimama.

Aliposhuka, Bi Khamisa alimkalisha karibu yake.

"Sauti yako inatupendeza, mwanangu, usiiache," akamwambia. "Lakini sisi huku chini hatuoni. Macho yetu ni wewe. Ukitudanganya, umetupofua."

"Naam, nshasikia, Bi Khamisa," Shemsa alijibu.