Pumzi Thelathini na Nane

Kila siku akitoka shule, mjukuu wangu alipitia hospitali na sare yake. Tulimwita Mwalimu, maana hata mimi babu yake alinisahihisha hesabu. Alinikuta kando ya kitanda cha mama yake, binti yangu, ambaye nimonia ilikuwa imembana kifua. Alikuwa amefungwa usoni barakoa ya mashine ya kumsukumia hewa, mikanda imemkaza mpaka kisogoni. Hakuweza kula wala kusema kitu kikaeleweka. Dirisha la chumba lilipigwa misumari zamani. Tuliahidiwa fundi, tunamsubiri mpaka leo.

Wagonjwa kumi na wanne, muuguzi mmoja. Huko juu wakubwa wa hospitali wana viti vya kuzunguka.

"Mwalimu, nisaidie," muuguzi alimwambia. "Kila nusu saa tazama kifua cha mama. Kikipanda ni pumzi moja. Hesabu dakika nzima, uandike hapa. Zikizidi thelathini, niite."

"Lakini Sista, mashine inaonyesha tisini na sita. Si nzuri?"

"Hiyo ni oksijeni ya kwenye damu. Haikuambii anachoka kiasi gani kuipata."

Saa tisa, pumzi zilikuwa ishirini na sita. Mimi nikaenda kupanga foleni dirisha la dawa, na yaliyotokea nyuma yangu Mwalimu alinisimulia mwenyewe baadaye.

Saa tisa na nusu alihesabu thelathini na tatu. Alipoinuka kumwita muuguzi, mama yake alimdaka mkono, akamwandikia kiganjani kwa kidole: 2, kisha 4. Akaonyesha koo lake, akatikisa kichwa. Mwalimu akaelewa. Nilikuwa nimemweleza alichosema daktari asubuhi, kwamba barakoa ikishindwa, mama atalazwa usingizi awekewe mpira wa kupumulia kooni. Bibi yake, yaani mke wangu, aliwekewa mpira kama huo katika chumba hiki hiki, hakuamka.

Mwalimu akaandika 24. Muuguzi akapita, akasoma, akasema, "Vizuri," akakimbilia kitanda kingine.

Niliporudi saa kumi na dawa zangu, karatasi ilikuwa na 24 mbili. Lakini shingo ya binti yangu ilikuwa ikibonyea kwa kila pumzi, na macho yanalegea. Mkono wake bado umemshika mtoto.

"Mwalimu, mbona hesabu imelala pale pale?"

Machozi yakamlengalenga.

"Sikia," nikasema, na mama yake asikie. "Karatasi ya bibi yako niliisoma. Ishirini, ishirini, ishirini, asubuhi mpaka jioni. Nani anapumua hivyo? Hakuna aliyehesabu, kwa sababu hakuna aliyewekwa kuhesabu. Mpira haukumuua mke wangu. Ulichelewa."

"Babu, ni thelathini na nane!" Akauchomoa mkono wake. "Nisamehe, mama. Sista! Sista, njoo! Nilidanganya!"

Muuguzi hakumgombeza. Alitazama ile shingo, akapiga simu. Daktari alikuja mbio.

"Nusu saa nyingine angekuwa hoi," alisema. Akainama kwa mgonjwa. "Mama, kifua chako kimechoka. Tukipumzishe sasa, kabla hakijasimama." Binti yangu alitutazama, akaitikia kwa kichwa.

Siku sita tulikaa bila kusikia sauti yake. Ya saba mpira ukatolewa.

"Mwalimu," alikwaruza, "ulinisaliti."

"Ndiyo, mama. Sasa hivi ni kumi na nane, na sijapunguza hata moja."

Alicheka mpaka akakohoa. Hata mkubwa mmoja alishuka kumpongeza mtoto. Nikamwambia pongezi tumepokea, sasa atuletee muuguzi wa pili. Akatazama saa yake, akaondoka.

Tukirudi nyumbani, Mwalimu aliniuliza kama namkasirikia.

"Wewe ulidanganya kwa mapenzi," nilimjibu, "walioijaza ya bibi yako walidanganya kwa kukosa nafasi ya kuhesabu, lakini karatasi haijui tofauti. Mtu ukimpenda, usimwandikie namba anayoitaka. Mwandikie aliyonayo."