Tiketi ya Mke wa Fundi

Mume alikuwa fundi wa kuchomelea mageti. Mke alikuwa msusi. Karakana na saluni zilitenganishwa na ukuta mmoja tu, kwa hiyo walitaniana kutwa nzima bila kuonana. Ndoa yao ilikuwa bado changa.

Suala la jina la msusi lilikuwa vurugu mechi. Kitambulisho na pasipoti vilikuwa na jina la marehemu baba yake. Bango la saluni lilikuwa na jina la mume. Kliniki aliandikisha lolote lililomjia mdomoni. Fundi alifurahi sana mkewe alipoitwa kwa jina la ukoo wake, lakini hakuwahi kumuuliza kama yeye anapenda. Msusi naye hakusema. Waliona mambo ya jina yatajipanga yenyewe.

Siku moja mama yake msusi alipiga simu kutoka nchi jirani. Alikuwa afanyiwe upasuaji wa moyo siku chache baadaye.

"Njoo unisuke kwanza, mwanangu," alisema. "Mikono ya wengine inaniumiza."

Fundi aliacha geti nusu, akakimbia kununua tiketi ya ndege. Alipoulizwa jina la abiria, alitaja la ukoo wake, kifua mbele. Alifanya hivyo kwa mapenzi. Ndiyo maana inauma.

Uwanjani, mhudumu aliangalia tiketi, akaangalia pasipoti. Msusi alieleza kwamba ameolewa, akaonyesha na pete.

"Pete naiona, dada," mhudumu alijibu kwa upole. "Lakini tiketi hii haina jina lako."

Ofisi iliyouza tiketi ilikuwa imeshafungwa. Ndege iliondoka bila msusi. Nafasi nyingine ilikuwa ya siku mbili baadaye. Mama alipasuliwa kesho yake, nywele zake zikiwa zimefungwa na muuguzi. Hakuamka tena. Msusi alifika kuzika.

Msusi aliporudi nyumbani, fundi hakuwa na raha. Jirani yao, mama mmoja wa ofisi ya usajili, alikuja kuwapa pole. Fundi akamweleza yote, akijilaumu.

"Shemeji, ulioa mke, hukuoa pasipoti yake," jirani alisema taratibu. "Harusi haibadilishi maandishi. Tiketi lazima ifuate pasipoti."

"Kwani mke si lazima achukue jina la mume?"

"Kwa sheria yetu, si lazima. Anaweza kubaki na lake, kuchukua lako, au kuyaunganisha. Zungumzeni, lakini mwenye jina ndiye anayeamua. Akibadilisha, aanze na kitambulisho, kisha pasipoti, kisha vingine vyote. Kabla ya hapo atumie lile la zamani kila mahali."

Aliongeza kwamba sheria za nchi hazifanani, kwa hiyo ni vizuri mtu aulize ofisini mapema.

Jirani alipoondoka, fundi alimgeukia mkewe.

"Wewe unataka jina gani?"

"Ungeniuliza siku ya harusi, ningechukua lako kwa furaha. Sasa niache na la nyumbani. Baba hayupo, mama hayupo. Limebaki hilo."

Fundi aliumia kidogo, na hakuficha. Lakini alikubali. Alifuta bango la saluni kwa mkono wake, akaliandika upya. Kliniki nako walirekebisha.

Mwaka uliofuata walisafiri pamoja kwenda kusafisha kaburi la mama. Safari hii fundi alikata tiketi akiwa na pasipoti zote mbili mkononi, akasoma kila herufi kabla ya kulipa.

Uwanjani, mhudumu alitazama mara moja tu.

"Safari njema, dada," alisema, akampa pasipoti yake.

Msusi alipita. Alisogea pembeni, akaanza kulia. Mumewe akamshika mkono.

"Kumbe ilikuwa rahisi hivi," msusi alisema.