Maboga Kwenye Mapito ya Tembo

Kila jioni baada ya masomo, wanafunzi wa darasa la sita walibeba madumu ya maji hadi kwenye mapito, ukanda wa ardhi ulioachwa katikati ya mashamba ili tembo wafike mtoni bila kukanyaga mazao ya watu. Huko walimwagilia miche ya miti. Dumu la Kiranja wao, msichana mwenye maringo kupita kimo chake, liliishia kwenye maboga ya baba yake, yaliyofichwa humohumo kwenye majani marefu.

Baba huyo watu walimwita Bwana Najua, maana alijua kila kitu duniani isipokuwa kunyamaza.

"Ardhi nono hivi, imejaa samadi, eti tuwaachie wanyama!" alibeza. "Tembo ameshika jembe lini? Mwagilia, mwanangu, na mdomo uufunge."

Kiranja alicheka. Naye aliwaona wenzake mazuzu, kuhangaikia vijiti.

Asubuhi moja shamba la shangazi yake, lililopakana na mapito, lilikutwa limelala chini lote. Tembo walikuwa wamenusa maboga, wakayala, wakanogewa, kisha wakahamia kwenye mahindi. Shangazi, mjane mwenye watoto wadogo, hakubakiwa na cha kuwalisha. Bwana Najua, hodari wa ujanja wa kitoto, alikuwa ameshafagia mabaki ya maboga kabla watu hawajafika.

"Si niliwaambia?" alitamba mbele ya majirani. "Mapito yenu ndiyo yamewaleta. Tuyafunge, tuyalime!"

Watu kwa hasira zao wakaitikia. Mwenyekiti wa kijiji akauliza kama kuna anayepinga.

Kiranja alimtazama shangazi akiokota mahindi machanga yaliyopondwa, akiyafuta udongo kwa upindo wa gauni. Alijidharau kuliko alivyowahi kumdharau mtu yeyote.

"Si mapito," alisema. "Ni maboga yetu. Baba aliyapanda humo, na mimi niliyapa maji ya miche."

"Nyamaza, mtoto!" baba yake akafoka.

"Anyamaze kwa lipi?" shangazi akadakia. "Kumbe! Miaka yote tembo wanapita, hawajagusa hata bua langu. Leo kaka yangu kawaandalia karamu mlangoni pangu, halafu anawasema wageni!"

Watu wakaangua kicheko cha dharau. Bwana Najua akatazama viatu vyake.

Mwenyekiti akaamua mapito yabaki wazi, Bwana Najua ang'oe mashina yote, na ghala lake limlishe dada yake na wanawe hadi mavuno yajayo.

Kiranja akamfuata shangazi, machozi yakimtoka. "Shangazi, nisamehe."

"Kusema kweli umesema, mwanangu, tena mbele ya baba yako. Hilo nimeliona. Lakini umengoja nilie kwanza ndipo useme. Na ujue, ukimzibia mnyama njia yake au ukamtegea chakula humo, atapitia jikoni kwa mtu." Akamkabidhi dumu tupu. "Haya, kachote maji. Miche hainywi samahani."