Dawa ya Kuaminiana Yafika Gare

"Kuku wako hana adabu, na utovu huo hakuutoa ugenini! Kafundishwa hapo hapo nyumbani kwako!"

"Kuku wangu ale kabichi zako, Mama Mika? Kabichi zako hata konokono anazipita kaziba pua!"

"Sikiliza maneno ya Msambaa! Mnakaa kileleni kama mbega kwa kuogopa watu!"

"Bora mbega! Nyinyi Wabondei mlibaki bondeni baada ya kushindwa kupanda!"

Husna alikuwa katikati yao, amechuchumaa kwenye turubai la mitumba, anakunja sweta. Upande huu wa uzio Mwanahawa, mwenye mji, na mwiko mkononi. Upande ule Secilia, Mama Mika, na mche wa kabichi ulionyofolewa, anautikisa kama ushahidi wa mahakamani. Gare nzima ilikuwa inasikia. Gare nzima ilikuwa imeshazoea.

Chini ya sweta kulikuwa na Glock 19.

Chini ya ushungi, sikioni, kulikuwa na kidude kidogo kuliko punje ya mahindi.

"Bonde, hapa Mlima. Prado nyeupe imepita kanisani."

"Wangapi?" Husna alinong'ona.

"Wawili. Mzungu na Clemence. Boksi la bluu analo Clemence."

"Nimepata."

Boksi hilo ndilo lililomtoa Husna, askari kanzu, Dar es Salaam na kumfanya muuza blauzi. Ndani yake kulikuwa na vichupa vya kioo vya Dakta Yusta, mtafiti wa saikolojia aliyepiga kambi Lushoto. Dakta alichunguza kinamama ambao wakishajifungua hawalali kwa hofu. Mtoto akipiga chafya, mama anaona jeneza. Alichukua ile homoni inayotoka mama anaponyonyesha, ile inayomfunga mama na mwanawe, akaitengeneza iweze kupulizwa puani na kukaa mwilini kutwa nzima. Kinamama wa Gare walikubali kuijaribu. Walikuwa wanaisubiri.

Boksi lilikuwa moja tu duniani. Likaibwa.

Mwizi alijiita Dakta Voss. Udaktari wake ulikuwa wa kwenye kadi. Alitaka kuwauzia dawa hiyo watu wanaohoji mahabusu, na matapeli wakubwa wakubwa, akiinadi kwa jina alilolibuni mwenyewe: dawa ya kuaminiana. Unampulizia mtu, anakupa siri zake na hati ya shamba lake.

Mnunuzi hakuwa mjinga. Alitaka kuona.

Usiku wa jana makao makuu walinasa simu. Sauti ya Voss: "Nitafutie watu wanaochukiana." Sauti ya Clemence, nyororo kama mafuta ya mgando juani: "Ninao, bosi. Gare. Majirani wawili. Nimepita leo, wanatukanana mpaka miti inainama. Wanachukiana kufa."

Husna alipoisikia rekodi hiyo alicheka mpaka bosi wake akamkemea.

Clemence huyo kazaliwa Handeni. Mzigua halali. Na hajui tena utani akiusikia! Wazigua, Wasambaa na Wabondei wametaniana tangu babu wa mababu. Wanatukanana sokoni, wanatukanana arusini, wanatukanana hata msibani kaburi likichimbwa. Mwanahawa na Secilia ndio waliopokeana watoto walipojifungua. Na huyu bwana, kwa kuishi Masaki na kunywa kahawa ya kikombe kidogo, akasikia chuki.

Prado ikasimama. Milango ikabamizwa.

Voss alitangulia, kofia ya mbugani kichwani, kana kwamba Gare kuna simba. Miwani Ray-Ban. Simu juu ya fimbo, kamera inawaka, mnunuzi yuko hewani. Nyuma yake Clemence, suti ya kubana, viatu vya ncha vinazama kwenye udongo. Boksi begani.

"Habari za saa hizi," alisema Clemence.

Mwanahawa alimtazama toka kwenye kiatu hadi kwenye kipara.

"Shikamoo umeisahau njiani Soni, au ilianguka kwenye kona?"

"Shikamoo mama," Clemence alisema haraka.

"Marahaba. Sasa hata haina utamu."

Voss alitabasamu kwa ajili ya kamera. Kiswahili chake kilitoka kwenye simu. "Mama wawili, msigombane. Mimi naleta manukato. Bure. Kidogo tu, hapa." Akajigusa pua.

Akanyoosha mkono nyuma. Clemence akafungua zipu ya boksi. Moshi wa barafu ukatoka.

"Bonde, usipige risasi," sauti ilisema sikioni. "Vichupa vikivunjika tumekwisha. Na tunamfuatilia mnunuzi kupitia simu ile. Iendelee kuwa hewani."

"Muda gani?"

"Kidogo. Wacheleweshe."

Husna alitazama kile kichupa kikitoka, kina mdomo wa kupulizia. Akamtazama Mwanahawa, shingo imenyooshwa kwa udadisi. Mwanamke ambaye hata dawa ya kikohozi hajaiomba.

Bunduki haifai. Simu isikatike. Boksi liko begani kwa Mzigua.

Mzigua!

"Mama zangu," Husna alisema, bado anakunja sweta, "hivi huyu kaka hamjamjua? Huyu mtu wa Handeni. Mtoto wenu kabisa."

Clemence aligeuka. Macho yalimtoka. Muuza mitumba kajuaje? Mkono wake ukaanza kushuka kiunoni.

Haukufika.

"Mzigua!" Mwanahawa alipaza sauti na mwiko juu. "Mzigua kaingia mlimani kwangu bila hodi!"

"Ndiyo maana midomo imempasuka," Secilia alidakia, tayari yuko upande huu wa uzio, kabichi imesahauliwa. "Maskini ya Mungu. Handeni maji wanayaona ndotoni."

"Mama, mimi mtu wa Masaki."

"Masaki! Mzigua mpe viatu tu, anasahau jina la mama yake!"

"Tena suti kaivaa angali na kiu!"

"Anaogea mate!"

Voss alirudi nyuma hatua. Kamera ilikuwa inakula kila kitu. "Vizuri," alisema kwa furaha. "Hasira. Nzuri sana."

Shingo ya Clemence ilivimba. Masaki ikapambana na Handeni kooni mwake, na kila mtu aliyekuwa pale aliona ni nani atashinda.

"Afadhali sisi tunaota maji!" alifoka. "Nyinyi Wabondei mna nazi mpaka za kurushia mbwa, na mchuzi wenu bado una ladha ya mvua!"

Mwanahawa alijipiga paja kwa mwiko.

Kisha vigelegele.

"Kajibu! Mtani kajibu!" Secilia alikuwa anaruka. Akamshika Clemence mkono, akamnyang'anya kichupa, akakirudisha ndani ya boksi, akavuta mkanda begani kwake. "Na hiki changu. Nimekitwaa!"

Ndiyo sheria. Mtani akitwaa kitu chako, unacheka. Ukinuna, umejivua ujamaa, na kesho ukifa nani atakutania kaburini?

Clemence akaachia mkanda. Na alikuwa anacheka, mpumbavu yule, anacheka kama walivyocheka shangazi zake walipokuwa wanapokonywa kuku.

"Anafanya nini?" Voss aliuliza. "Chukua boksi!"

"Siwezi, bosi. Ni mtani."

"Ni nini?"

"Mtani!" Clemence alisema, na kwa mara ya kwanza akamtazama bosi wake kama mtu asiyejua kunawa.

Voss akatupa fimbo ya simu. Beretta ikatoka ndani ya koti, ikaelekea kifuani kwa Secilia, kwenye boksi lenyewe.

Mwanahawa hakukimbia. Alisimama mbele ya Secilia, na mwiko wake.

Husna alirusha koti.

Lilikuwa koti zito la Ulaya, la theluji, lisilopata mnunuzi tangu asubuhi. Lilimfunika Voss kofia na vyote. Teke la goti. Kiwiko cha mkono. Beretta ikaruka kwenye kabichi. Voss akaenda chini, na alipojitoa kwenye kola alikuta mdomo wa Glock puani, pale pale alipotaka kuwapulizia wenzake.

"Manukato," Husna alisema. "Bure."

Pingu zikalia.

"Mlima?"

"Tumempata mnunuzi. Yuko hotelini Tanga, vijana wako mlangoni."

Husna aliokota ile simu. Uso wa mtu mnene ulikuwa umeganda kwenye kioo.

"Fungua mlango," alimwambia. "Una wageni."

Akaizima. Akafungua boksi mbele ya Secilia. Vichupa vyote vizima. Kipimajoto bado kwenye kijani.

"Dakta, lipo. Bado lina baridi."

Sikioni Dakta Yusta alisikika akipenga kamasi.

Voss, shavu kwenye matope, alikuwa bado anabishana. "Ningewapulizia wangeniamini. Sayansi inasema."

"Umesoma ukurasa wa kwanza ukakimbilia dukani," Husna alimwambia. "Mwenye dawa kaniambia mwenyewe. Homoni hiyo inawafunga waliokwisha kuwa ndugu. Mgeni inamfungia nje. Jaribu kumgusa mtoto wa mama anayenyonyesha, uone kama atakuamini au atakung'ata." Akatazama wale wanawake wawili, bega kwa bega. "Hawa wanayo tayari. Wanaitengeneza wenyewe, kila siku, kwa matusi."

Gari la kijani likapanda, vijana wakamkokota Voss. Hakuna aliyemuaga. Husna alikabidhi boksi, akakung'uta koti lake, akalitia kwenye furushi pamoja na Glock.

Clemence alikuwa ameketi kwenye jiwe, pingu mkononi, suti imekuwa ya mkulima. Hakuwa anacheka tena.

"Na huyu?" aliuliza kijana mmoja.

"Huyo anakwenda naye," Husna alisema. "Mwizi ni mwizi."

"Anakwenda, ndiyo," Mwanahawa alisema. "Lakini kitu chake tumekitwaa hapa uani, na hajala. Mzigua akienda rumande na njaa atasema Wasambaa hatuna chakula. Maneno hayo siyataki."

"Na aule huo mchuzi wa mvua," Secilia aliongeza, tayari anamwaga maji kwenye bakuli la kunawia.

Husna alitazama saa. Akamhamishia pingu mikono ikae mbele.

Mwanahawa alisukuma mlango wa jiko kwa nyonga. Harufu ya makande ikatoka.

"Wewe msaliti, inuka. Nawa. Karibu ndani tule."