Koti la Wateja

Mimi si mtu wa kuamini mambo ya mizimu. Hata leo ukinisimulia yako nitakucheka mbele za watu. Lakini haya yalimkuta mdogo wangu, tumbo moja, nami nilikuwepo.

Yeye na mumewe walikuwa na studio ya picha za vitambulisho. Nyuma ya mlango lilining'inia koti jeusi la wateja, maana wengi huja na fulana wakitaka watoke na sura ya meneja. Kifungo chake kimoja kilikatika, shemeji akashona cha kahawia, na kila aliyelivaa alimtania kwa ushonaji ule. Binti yao tulimwita Chiriku kwa kupiga domo. Alikuwa na kovu kwenye unyusi, alilolipata alipoanguka kwenye kiti cha wateja akimwigiza baba yake.

Shemeji alifariki ghafla. Hakuwa na koti jingine, tukamzika na lile lile. Vifungo nilivifunga mwenyewe, kile cha kahawia mwisho.

Studio ilipofunguliwa tena, wateja wakaanza kudai picha zao za zamani. Shemeji aliziweka zote kwenye hifadhi ya mtandaoni, na mdogo wangu hakujua hata pa kuanzia. Kwenye kompyuta alikuwa na msaidizi wa akili mnemba, wa kumwandikia matangazo na kujibu wateja. Fundi wa kompyuta akamwongezea zana ya kupakua faili. Akatueleza kwamba mpaka siku ile msaidizi alikuwa na mdomo tu, sasa amepewa na mkono: ukimwagiza faili, anakwenda mwenyewe kule hifadhini na kukuletea. Asubuhi nzima tulimtuma huku na huko, akaleta kila tulichotaka. Nilifurahi kumwona mdogo wangu akicheka tena.

Kisha akaandika ombi lake mwenyewe. Alitaka aletewe picha ya mwisho aliyoipiga mumewe.

Ikaja picha ya mwoka mikate, jirani yetu wa ng'ambo ya barabara, kidevu juu, amevaa lile koti. Kifungo cha kahawia kilionekana waziwazi. Nikasema ni ya zamani tu. Mdogo wangu akamuuliza msaidizi iliwekwa lini, akajibiwa kwamba imewekwa asubuhi ile ile, kwa kamera ya mumewe. Kamera ilikuwa kabatini, haina betri. Tukachungulia dirishani, tukamwona mwoka mikate akipanga mikate yake. Kabla jioni haijaingia alianguka mbele ya tanuri, akafa.

Nikasema ni bahati mbaya, watu hufa. Kesho yake mdogo wangu akaagiza tena picha ya mwisho, mimi nikimkataza. Safari hii alikuwa mshona viatu wa pale kona. Koti lile lile, ukuta mweupe ule ule wa studio. Nilitoka mbio kwenda kumtazama. Watu walikuwa wamejaa, na kiti chake kilikuwa kitupu.

Nilirudi studio mbio.

"Mwambie azifute," nilimnong'oneza. "Afute kila kitu."

Akaandika. Jibu likaja kwa adabu ya siku zote: "Samahani. Nimepewa uwezo wa kupakua tu. Siwezi kufuta, wala kuzuia faili kuwekwa."

Halafu mstari mwingine: "Kuna faili mpya inaingia. Uliagiza ya mwisho. Naileta."

Mtandao ulikuwa mzito. Picha ikafunguka kuanzia juu, kidogo kidogo. Ukuta mweupe. Nywele za kusukwa. Paji la uso dogo. Unyusi wenye kovu.

Mdogo wangu aliruka kitini. Aling'oa waya wa umeme ukutani. Kioo kikawa cheusi. Shingo ilikuwa bado haijatokea. Koti pia.

Tulikimbia hadi shuleni, viatu nilivipoteza njiani na sikujali. Chiriku alikuwa hai. Alikuwa ameketi peke yake kwenye benchi la nyuma ya darasa, mgongo wima, kidevu juu. Mama yake akamkumbatia huku akilia, akamuuliza alikuwa na nani pale.

"Na baba," alinong'ona. "Kasema nisitikisike. Hajamaliza."

Kiganja chake kimoja kilikuwa kimefumbwa. Nilimfumbua vidole taratibu, nikimbembeleza kama mtoto mchanga. Ndani kulikuwa na kifungo cha kahawia, kinaning'inia kwenye uzi wa shemeji. Matundu yake yalijaa udongo mbichi.

Studio tuliifunga, na kompyuta haijawashwa tena. Kifungo kiko kabatini kwangu, maana kukitupa naogopa. Namshukuru Mungu mtoto tunaye. Anakula, analala, anakwenda shule. Ila domo halipo tena. Siku nzima inapita bila kumsikia. Na mahali popote penye ukuta mweupe, hukaa mbele yake, mgongo wima, akanyanyua kidevu, akasubiri.