Picha Iliyotundikwa Kichwa Chini

Fremu ilikuwa ukutani na kioo chake kizima. Picha haikuwamo.

Inspekta, ambaye wenzake kituoni walimwita Msumari, aliigeuza. Misumari midogo ya nyuma iling'olewa mmoja mmoja, ikarudishwa kwa adabu. Alama za vidole hakuna, mlango haukuvunjwa. Mwizi asiye na haraka alimtia wasiwasi kuliko mwenye panga.

"Chapa kumi na mbili tu duniani!" alilalama mzee mwenye nyumba, aliyejaza sebule kazi za mchongaji mmoja, sasa marehemu. "Alichonga ubao, akachapa hizo, kisha akauchoma moto. Kikulacho ki nguoni mwako, Afande. Mkamate mpwa wangu!"

"Mjomba, mimi niibe viazi viwili vya kuchora?" mpwa alifoka.

Msumari hakumwamini mpwa, wala mjomba. Wenye mali nao hujiibia. Aliwapa karatasi na penseli.

"Nichoreeni hiyo picha."

Wote walichora sawa: donge dogo juu, kubwa lililopinda chini. Picha ya sebule iliyopigwa zamani ilikubaliana nao.

Alibaki fundi wa fremu, dada mpole aliyekuja juzi kusafisha vioo. Msumari alimkuta karakanani akipiga randa.

"Mchongaji huyu ulimjua?"

"Namsikia tu, Afande."

"Nichoree iliyoibiwa."

Alichora upesi, bila kufikiri. Donge kubwa juu, limeinamia dogo. Msumari akaweka picha ya sebule kando yake.

"Mzee kaitundika hivi miaka yote, na juzi uliisafisha ikiwa hivyo hivyo. Mbona kwako imegeuka?"

"Nimekosea."

"Hukukosea. Marehemu alitia sahihi nyuma, mbele hakuna alama. Juu na chini anajua aliyekuwapo ikichongwa. Ulikuwapo?"

Penseli ilimponyoka fundi. Aliinama kuiokota.

"Nilikuwamo," alisema. "Hilo dogo ni mimi. Linaloniinamia ni mama. Mchongaji ni baba yangu."

"Kwa nini hukuiomba?"

"Niliomba! Sikutaka hata anipe, nilimsihi aigeuze tu. Akanicheka. Akasema mali yake, ataitundika atakavyo. Baba aliziuza zote, Afande, hakutuachia hata moja. Sasa mama yuko ukingoni, na ombi lake ni hilo tu, aione kabla hajaenda. Ningeirudisha. Naapa ningeirudisha."

"Iko wapi?"

Fundi alivuta pazia la nyuma ya karakana. Kitandani alilala bikizee aliyebaki mifupa, na miguuni pake, juu ya kiti, ilisimama ile chapa. Kubwa limeinamia dogo. Msumari, aliyeiona siku nzima ikiwa viazi, safari hii aliona mgongo wa mama na kichwa cha mtoto.

Pingu zilikuwa mfukoni. Wizi ni wizi, na kesho fundi angesimama mbele ya hakimu. Hilo halikuwa na mjadala.

"Nani huyo?" bikizee aliuliza, macho hayatoki kwenye picha.

Fundi alimtazama Msumari.

"Nimekuja kutazama picha, mama," Msumari akamjibu mwenyewe.

"Basi mwanangu, mpishe mgeni asogee," bikizee akasema. "Pale mlangoni haoni vizuri."

Msumari alivua kofia, akasogea.