Gesi Iliyotoroka Chumba cha Baridi

Kila siku saa kumi na mbili asubuhi, Bi Mishi Stambuli huwa keshafungua mlango wa chumba chake cha baridi. Pale Bofu, Likoni, hakuna mkaanga samaki asiyemjua. Mama karanga, wanawake wauzao samaki wa kukaanga, huja na ndoo zao, wakachagua samaki kama changu na tafi, wakachukua na barafu. Mumewe, Mahfudh, ndiye anayeangalia mitambo. Kazi hii wameifanya miaka kumi na mmoja. Inawalisha wao, na inawalisha wanawake watano waliowaandika kazi.

Jumatatu moja ililetwa barua kutoka hoteli kubwa ya upande wa kusini. Hoteli hiyo ilikuwa ikinunua nusu ya samaki wao wote. Bi Mishi aliisoma polepole, kisha akairudia.

"Baba Safa," akamwita mumewe. "Hawa wataka tuwaambie biashara yetu hutoa gesi joto kiasi gani kwa mwaka. Wametupa mwezi mmoja. Asiyejibu, hawatanunua kwake tena."

Mahfudh akacheka. "Gesi gani? Sisi tuna bomba la moshi hapa? Andika sufuri, uwarudishie karatasi yao."

"Na wakija kutazama?"

"Watatazama nini? Samaki?"

Bi Mishi hakucheka. Hakuwa mtu wa kutia sahihi jambo asilolijua. Tena aliwaza, hoteli ikiondoka, wale wanawake watano atawaambia nini?

Jioni akaenda kupiga hodi kwa jirani yake, Nafula. Nafula ni mwenyeji wa Bungoma. Hufanya kazi katika kiwanda kimoja huko Changamwe, na kazi yake ni kupima uchafu unaotoka kiwandani, wa hewani na wa majini.

"Shikamoo, mama," Nafula alimwamkia. "Karibu ndani."

"Marahaba, mwanangu. Nimekuja na barua imenishinda. Hizi gesi joto ni kitu gani?"

Nafula aliisoma barua, akatabasamu. "Ni hewa zinazoizunguka dunia, mama. Joto la jua linaingia, lakini hewa hizi zinalizuia lisitoke lote. Ni kama mtu kujifunika gubigubi mwezi wa Februari hapa Likoni. Zikizidi, dunia inazidi kupata joto. Mvua zinaharibika, na bahari inapanda."

"Sasa mtu atazipima vipi? Hewa haishikiki."

"Hatuzishiki. Tunahesabu vitu vinavyozitoa. Ukijua umechoma dizeli lita ngapi, utajua umetoa gesi kiasi gani. Lita moja ya dizeli hutoa karibu kilo mbili na robo tatu za hewa ya ukaa, ambayo ni mojawapo ya gesi hizo."

Bi Mishi akamkazia macho. "Ngoja, mwanangu. Lita moja ya dizeli haifiki hata kilo moja. Itatoaje kilo mbili na zaidi?"

"Swali zuri hilo! Dizeli ikiungua hujiunga na hewa tunayovuta. Uzito ule mwingine unatoka kwenye hewa."

"Subhanallah," Bi Mishi akasema. "Na mimi nilidhani moshi hauna uzito."

Jumamosi Nafula alikuja na daftari. Waliketi watatu kibarazani, Mahfudh akiwa amenuna kidogo. Alikuja kwa sababu mkewe alimwita mara mbili.

Walianza na dizeli. Jenereta na pikapu vilikuwa vimetumia lita elfu moja kwa mwaka. Nafula akapiga hesabu, akapata karibu tani mbili na robo tatu. Kisha wakaja kwenye umeme. Bi Mishi alileta bili za miezi kumi na miwili, wakajumlisha uniti. Umeme haukufika tani tatu.

"Kumbe kidogo!" Bi Mishi akashangaa. "Na huo ndio unaotumaliza kwa bili."

"Umeme wetu Kenya mwingi hutoka kwenye mvuke wa ardhini, maji na upepo," Nafula akaeleza. "Ungekuwa wa makaa ya mawe, ingekuwa hadithi nyingine."

Mahfudh akainuka. "Basi tumemaliza. Si nilisema sisi hatuna kitu?"

"Bado moja, baba. Gesi ya friji. Mwaka huu mmeongeza?"

Mahfudh akaketi tena. Akaangalia chini, akakuna ndevu.

"Kidogo tu," akasema.

"Mara ngapi?"

"Mara tatu. Kilo mbili mbili."

Bi Mishi akamgeukia. "Mara tatu? Mbona mimi sijui?"

Mahfudh akasema kwa sauti ya chini, "Fundi Kalama aliniambia kuna paipu inavuja. Kuitengeneza ni lazima tufunge siku mbili. Ilikuwa Ramadhani, mama Safa. Wateja walikuwa wamejaa. Nikasema tutie gesi tusonge mbele. Halafu ikawa mazoea."

Nafula hakumlaumu. Aliandika tu. "Gesi ya friji haipungui kwa kutumika," akasema. "Ile mliyoongeza ndiyo iliyotoroka. Kilo sita. Na kila kilo moja ya aina hii hulitia joto anga sawa na kilo elfu tatu na mia tisa za hewa ya ukaa."

Alipiga hesabu mbele yao. Zaidi ya tani ishirini na tatu. Dizeli na umeme, ukivijumlisha vyote viwili, havikufika hata robo ya hiyo.

Bi Mishi alikuwa na hasira, na mumewe aliiona. Lakini alipofungua mdomo alisema, "Mpigie Kalama aje kesho."

Waliwaambia mama karanga mapema kwamba watafunga siku mbili. Samaki waliobaki wakatiwa kwenye masanduku yenye barafu. Kalama hakuiachilia gesi hewani. Aliivuta kwa mashine, akaihifadhi kwenye mtungi. Kabla ya hapo alikuwa amepaka povu la sabuni kwenye kila kiungo cha paipu. Nyuma ya mtambo, pembeni kabisa, povu likaanza kutoa mapovu madogo madogo, moja baada ya jingine.

"Njoo uone," Mahfudh akamwita mkewe. Wakainama wote wawili kuangalia. "Hapa ndipo. Nisamehe, mama Safa. Ningekwambia."

"Ungeniambia," Bi Mishi akajibu. Kisha akampa tochi aishike vizuri. "Mulika hapo, fundi aone."

Kazi ilipokwisha ilibaki karatasi. Mahfudh aliogopa. "Tukiandika tani ishirini na tisa watatukimbia."

"Ndiyo kweli yenyewe," Bi Mishi akasema. Aliandika dizeli peke yake, umeme peke yake, gesi ya friji peke yake. Chini akaongeza kwa mkono wake: Paipu ilikuwa inavuja. Tumeitengeneza. Akatia sahihi, akapeleka. Kwa wiki mbili, kila simu ikilia, alishtuka.

Simu yenyewe ilikuja siku ya Alhamisi. Alikuwa Lavender, mnunuzi wa hoteli.

"Mama, karatasi yako tumeisoma," akasema. "Wengi wametuandikia sufuri. Hatujui walipima vipi. Wewe umetuonyesha kila kitu kilipotoka. Tunaendelea na wewe."

"Na zile tani ishirini na tatu?"

"Mwakani tutaangalia zimeshuka kiasi gani."

Bi Mishi aliweka simu, akakaa juu ya sanduku la samaki, akacheka peke yake mpaka wanawake wakaja kuuliza kuna nini.

Mwaka uliofuata walipima wenyewe, bila Nafula. Kalama alikuwa akija kukagua kila baada ya miezi mitatu, na hata gramu moja ya gesi haikuongezwa. Mtambo ulikuwa haufanyi tena kazi kwa kuhema, kwa hivyo uniti za umeme nazo zilipungua. Jumla yote haikufika tani tano na nusu.

Habari zikafika Kisauni na Ziwa la Ng'ombe. Mwenye duka la nyama akapiga simu, kisha mwenye kiwanda kidogo cha barafu. Siku hizi, Jumapili mchana, Mahfudh huvaa kofia yake nzuri, akachukua daftari na chupa ya sabuni, akaenda kuwaonyesha watu wanavyopima.

"Utarudi saa ngapi?" Bi Mishi humwuliza.

"Sijui, mama Safa. Wana maswali mengi, wallahi."

Naye Bi Mishi humtazama akivuka barabara, daftari kwapani, akitembea kama mwalimu.